Mwanamke wa Kwenye Benchi

Sorrento, 12 Machi 1843

Shangazi yangu Adelgunde,

Shikamoo. Nakutumia shikamoo nyingi, kwa sababu mara hii zinapanda meli na huenda nusu zikalowa njiani. Mimi ni mzima. Kile kifua ulichosema kitaniua nikivuka Alpi hakijaniua bado, na huu ni mwaka wa pili. Goti lako je? Na yule bata bukini wako bado anamfukuza mtu wa posta? Nisalimie Mchungaji Mkuu, na bintiye Theodora umsalimie kwa heshima zote.

Sasa neno lenyewe. Nimetuma picha kwa Chama cha Wapenda Picha hapo Wendelrode. Wakiipenda watainunua, kisha Novemba, siku ya Mtakatifu Martin, wataitia kwenye bahati nasibu ya wanachama kama kawaida yao. Ni bustani ya malimau ya hapa Sorrento, mwezi wa Februari: jua, ukuta mkongwe, benchi la mawe, bahari kwa mbali. Na kimya, Shangazi! Nilikaa humo wiki sita kila siku, sikusikia kitu ila nyuki. Nimeipa jina "Utulivu wa Kusini".

Kuhusu kurudi nyumbani siku ya Mtakatifu Mikaeli, mwisho wa Septemba, kama nilivyoahidi, tutaona. Mwanga wa hapa haukubali kuachwa hivi hivi.

Barua zako usizipeleke tena hotelini. Andika: kwa Don Aniello, mwenye bustani. Nimehamia kwake. Kuna nafasi zaidi.

Mwanao,
Volkmar


Wendelrode, 19 Aprili 1843

Volkmar mtoto wa kaka yangu,

Marahaba. Zimefika kavu. Goti ni lilelile, likitabiri mvua linatabiri vizuri kuliko kalenda. Bukini nimemchinja Krismasi, kwa hiyo mtu wa posta sasa anakuja mpaka mlangoni na kukaa nusu saa. Namkumbuka bukini.

Theodora ni mzima wa afya. Jumatatu ya Pasaka alivaa vizuri mno, kanisa zima lilimgeukia. Mengine utayaona ukija.

Picha yako haijafika. Lakini hilo la "tutaona" limefika, nimelisoma mara tatu. Uliposimama mlangoni pangu na sanduku lako ulisema miaka miwili, Mikaeli wa mwaka wa pili, Shangazi usiwe na wasiwasi. Unakumbuka pia ulichomwambia Theodora sebuleni kwangu, mimi nikiwa nimekaa palepale najifanya nahesabu vitanzi vya ufumaji wangu. Sina la kuongeza.

Mwanga! Kwani huku tunaishi pangoni? Kuna mwanga unaingia dirishani mwa chumba chako kila asubuhi na hakuna mtu wa kuupokea. Nimekipaka chokaa chumba hicho. Kitanda kipo, mto upo, hata ile ndoana uliyokuwa ukitundikia kofia ipo. Kinachokosekana ni kofia.

Huyo Don Aniello ni nani, na hiyo nafasi zaidi ni ya nini? Ulipokuwa hapa nafasi ilikutosha.

Samahani mistari ikipanda mlima. Meza imepinda.

Shangazi yako,
Adelgunde


Sorrento, 3 Juni 1843

Shangazi yangu,

Shikamoo. Pole na goti, na pole na bukini, maskini, alikuwa na moyo wa askari. Mimi sijambo. Huku joto limeanza na bustani imetulia kama kawaida.

Nimefurahi kwamba Theodora alipendeza Pasaka. Nimejaribu kumwandikia mara nne, nikachana mara nne. Msichana mwenye moyo mwema kama ule hastahili kuumizwa. Sisemi kwamba kuna wa kumuumiza. Nasema tu.

Mikaeli haitawezekana. Labda majira ya kuchipua, labda baadaye. Tafadhali usiudhike, na umweleze Theodora kwa maneno mazuri, wewe unayajua maneno.

Weka kijigogo chini ya mguu wa meza.

Volkmar


Wendelrode, 10 Julai 1843

Volkmar,

Salamu kwanza, kwa kuwa nimelelewa vizuri. Mimi ni mzima, paka ni mzima, chumba chako ni kizima na kitupu.

Picha imefika. Wamenunua. Wameitundika ukumbini na mji mzima unapita kuitazama. Bwana Lüdeking, mwenye kiwanda cha bia, alisimama mbele yake, mikono juu ya tumbo, akasema, "Hapa mtu analala usingizi wa kweli." Mkewe akamwambia, "Wewe unalala hata kwenye mahubiri." Akasema, "Ndiyo, lakini kule unanikanyaga mguu."

Mimi nilikwenda asubuhi watu wakiwa sokoni, na kioo changu cha kukuzia maandishi. Usiulize cha nini, kila mtu ana kioo. Nikaanza juu, nikashuka taratibu. Mbingu nzuri. Bahari nzuri. Malimau yanang'aa mno, lakini nani anajua, labda huko wanayapiga msasa. Nikafika kwenye benchi.

Ni nani huyu?

Usinijibu "yupi". Huyo mwanamke aliyekaa ametupa mgongo. Volkmar, wewe hujui kuchora mtu. Tangu udogo wako unachora miti inayotaka kupumua, na watu wanaofanana na magunia ya unga. Mwaka wa thelathini na sita ulinichora mimi, na mpaka leo wageni wananiuliza kwa nini nimetundika picha ya jiko la vigae. Sasa huyu ana shingo! Shingo imeinama kidogo upande wa kushoto, kuna nywele mbili tatu zimetoroka kwenye fundo. Shingo kama hiyo mtu haichori kwa kubahatisha, lazima awe ameitazama mpaka chai ikapoa.

Na juu ya mabega yake kuna shali ya kijani. Hiyo shali naijua. Ukingo wake una meno manane kila kona, isipokuwa kona moja yenye saba, kwa sababu nilikuwa naimalizia siku unafunga sanduku lako na sikuwa naona vizuri, kwa sababu zisizokuhusu. Nimehesabu kwa kioo. Saba. Umechora hata kosa langu!

Nasubiri.

Shangazi yako


Sorrento, 12 Agosti 1843

Shangazi mpenzi,

Shikamoo, shikamoo, na tena shikamoo. Natumaini hali ya hewa huko ni nzuri. Huku pia ni nzuri.

Umenichekesha sana na hilo la shingo. Jambo ni rahisi kabisa. Sisi wachoraji wa mandhari tuna desturi: mtu wa miti akimaliza miti yake, anamwomba mtu wa watu amtilie mtu mmoja wawili, picha isionekane kama nyumba iliyohamwa. Rafiki yangu Habersaat, unamkumbuka, yule hodari wa kuchora watu, alipita hapa Februari akanitilia huyo mwanamke. Si mtu yeyote. Ni wa kujaza benchi. Shali ilikuwa imetundikwa kwenye kiti, nadhani aliiona akaipenda.

Naandika kwa haraka. Bustani imetulia sana, ndiyo maana mwandiko umetetemeka.

Theodora asinisubiri dirishani. Namwonea huruma. Lakini usimwambie kwamba namwonea huruma.

Volkmar


Wendelrode, 16 Septemba 1843

Volkmar,

Mimi ni mzima. Umeniuliza hali ya hewa: inanyesha.

Habersaat alipita kwako Februari? Hongera zake. Habersaat yuko hapa Wendelrode tangu Oktoba ya mwaka jana. Alikuja kuchora familia ya Mchungaji Mkuu, ugonjwa wa jongo ukamshika mguu, akabaki. Februari nzima alikuwa sebuleni kwangu, mguu juu ya mto wangu, keki yangu ya asali mdomoni. Kama aliruka mpaka Sorrento na kurudi, basi aliruka kati ya kipande cha tatu na cha nne.

Unanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, mimi niliyekuogesha! Kalamu yako ni mwongo. Lakini brashi yako haijui uongo, ilishindwa hata kuongeza jino moja kwenye shali.

Jambo jingine. Barua yako ina doa kwenye kona. Nimelinusa. Ni maziwa, yamechacha. Wewe hujagusa maziwa tangu una miaka minne.

Sasa sikiliza la kamati, maana hili lina haraka. Walikaa Jumatano. Mimi nilikuwa nyuma, natia kahawa. Mchungaji Mkuu akasema, "Picha inaitwa Utulivu. Mwanamke aliyekaa peke yake ana jambo analingoja, na mwenye kungoja hajatulia." Karani akauliza, "Basi tumfute?" Lüdeking akasema, "Benchi tupu ni baya zaidi, mtu ataanza kujiuliza nani kaondoka." Wakakuna videvu. Halafu karani: "Tumweke mtawa mwanamume. Picha za Italia huwa na mtawa."

Kamati nzima ikashusha pumzi. Volkmar, hao ni Walutheri kumi na mmoja! Ni walewale waliomnyima chumba fundi viatu kwa kuwa ni Mkatoliki. Leo wamekubaliana kwa kauli moja kwamba hakuna mtu wa heshima anayefaa kukaa kwenye benchi lile ila mtawa wa Roma, na joho lake, na tasbihi yake. Kazi wamempa Habersaat. Anaanza wiki ijayo. Anasema atajichora mwenyewe, ili asimlipe mtu wa kukaa mbele yake achorwe.

Kama mwanamke huyo ni wa kujaza benchi tu, mtawa naye anajaza, tena zaidi, maana Habersaat amenenepa. Kama si wa kujaza benchi, sema. Sema tu, mtoto wa kaka yangu.

Theodora namwona kila Jumapili.

Adelgunde


Sorrento, 21 Oktoba 1843

Shangazi,

Wasimguse! Nakuomba, nenda leo hii, mwambie Habersaat aweke brashi chini. Achore watawa mia kwenye ukuta wake mwenyewe. Najua barua hii itachelewa. Imenichukua siku sita kuianza na sasa naandika kama mwenda mbio. Hata shikamoo nimesahau. Shikamoo.

Haya. Nakwambia yote, kisha unifanye utakavyo.

Bustani ile haipo. Maana yake, ipo, lakini Februari haionekani. Kuanzia Novemba mpaka Aprili watu wa hapa hufunika malimau yao. Wanasimamisha nguzo ndefu, juu wanatandaza mikeka ya majani makavu, ili baridi na mvua ya mawe visiyaue matunda. Chini yake ni giza kama ghala letu la viazi. Huoni bahari, huoni mbingu, unaona mbolea. Na kimya hakuna. Jogoo watatu, nyumbu mmoja, na mama mkwe wangu anayegombana na wote wanne kwa zamu.

Ndiyo, nimesema mama mkwe.

Bahari niliitoa kichwani. Ukuta niliuazima kwa jirani. Mbingu ni ya mwaka juzi. Mwanga wote ule niliosema hauachiki niliutunga, Shangazi, nikiwa nimekaa gizani na koti. Kitu kimoja tu kilikuwa mbele ya macho yangu kweli: Nunziata, binti wa Don Aniello, kwenye benchi, amejifunika shali yako kwa sababu alikuwa na baridi na alikuwa na mimba. Umesema kweli, mimi sijui kuchora watu. Nilimtazama mpaka nikajua, na nikaweza shingo tu. Uso niliujaribu mara ishirini, nikamgeuza.

Tulifunga ndoa Novemba ya mwaka jana. Kanisani kwao. Ndiyo, nilipiga goti. Mtoto alizaliwa tarehe tisa Julai, ni msichana, na doa ulilonusa ni lake. Tumembatiza Adelgunda. Hapa hakuna mtu anayeweza kulitamka jina hilo, bibi yake anamwita Gonda, na akighafilika humwita nyumbu pia hivyohivyo, kwa hiyo wakiita wanageuka wote wawili.

Sikukwambia kwa sababu ya Theodora. Wewe ulimpa baba yake neno lako, na mimi nilimpa yeye langu. Kila barua unaniambia ni mzima, kanisa linamtazama, unamwona kila Jumapili, nami namwona amekaa dirishani anangoja. Sikupata usingizi. Mwambie polepole. Mwambie mimi ni mtu duni, atakubali haraka.

Kama wamekwisha kumfunika Nunziata, sikiliza: rangi yangu ni kavu, na nilipaka vanishi juu yake. Rangi ya Habersaat bado ni mbichi mpaka Krismasi. Chukua pamba na tapentaini, pangusa bila kukandamiza, uanzie juu. Sehemu hiyo tu ndiyo ya kweli kwenye picha nzima. Mengine yote wanaweza kuyachukua.

Volkmar wako, kama bado ni wako


Wendelrode, 3 Desemba 1843

Volkmar mwanangu,

Marahaba. Barua yako ilifika wiki mbili baada ya siku ya Martin, yaani umechelewa kwa kila kitu, kama ulivyochelewa kuzaliwa.

Nilikasirika. Sitakuficha. Siku mbili sikupika, paka alikwenda kula kwa jirani. Mwaka mzima una mke, una mtoto, na mimi napaka chokaa chumba! Nilikaa kwenye kitanda chako nikalia, kisha nikaona jina la mtoto tena nikalia upya. Kwa nini mmemfanyia hivyo mtoto wa watu? Jina hilo limenitesa miaka sitini na sita.

Halafu nikacheka, peke yangu, mpaka mtu wa posta akagonga dirisha kuuliza kama ni mzima. Maana sasa ni zamu yangu.

Theodora aliolewa. Jumatatu ya Pasaka, ndiyo maana alivaa vizuri, ndiyo maana kanisa zima lilimgeukia, bibi harusi hugeukiwa. Kaolewa na Habersaat. Alikaa na familia siku nyingi sebuleni kwao, akichora huyu leo na huyu kesho, Theodora akachorwa mara saba. Mchungaji Mkuu alikuja kwangu kuniomba radhi kwa neno walilolivunja wao! Nikamwambia nitakwandikia polepole. Sikukwandikia. Tafuta barua zangu zote, hutaona uongo hata mmoja: ni mzima, alipendeza, namwona Jumapili. Niliona ukijua kwamba hakuna anayekungoja hapa, hutarudi. Kwamba mimi nangoja nilidhani halitoshi.

Kwa hiyo wewe ulijificha ili usimuumize mtu aliyekuwa akila keki ya harusi, na mumewe alikuwa akimfuta mkeo kwa brashi bila kujua ni nani. Tungeandikiana kweli mara moja tu, Aprili, picha ingebaki salama.

Nilichelewa kuwazuia, maana barua yako haikuwa imefika, na kweli mimi nilikuwa nimekuacha useme. Mtawa alikaa. Tumbo lake lilifunika malimau mawili. Watu walimpenda sana. Lüdeking akaipata picha hiyo kwenye bahati nasibu akaitundika juu ya kochi lake.

Nilikwenda kwake. Nikamwambia, "Bwana Lüdeking, nipe picha, nikupe saa ya baba yangu." Unaijua ile saa. Akasema, "Saa ile kubwa? Ile nzuri?" Nikasema ileile. Mkewe akapiga makofi kwa furaha. Hawakuniuliza kama inagonga. Inagonga kila robo saa, Volkmar, na hakuna fundi aliyewahi kuinyamazisha. Alitaka utulivu wa kusini, sasa anahesabu robo.

Nikafunga mlango. Pamba na tapentaini, bila kukandamiza, kuanzia juu. Kofia ya joho ilitoka, kikatoka kipara, na masikio ya Habersaat, na tumbo, hilo lilichukua nusu ya chupa. Chini yake shali ya kijani ikaanza kujitokeza. Nikahesabu meno. Saba. Hapo nilikaa chini. Miguu ya mtawa nimeiacha, chupa iliisha, kwa hiyo sasa kuna mkeo kwenye benchi na chini yake makubazi ya ngozi na kidole gumba chenye jongo. Theodora alikuja kunywa kahawa akatazama akasema, "Huo mguu naujua." Nikamwambia yote. Alicheka akasema mwambie Volkmar nami nilikuwa namwonea huruma.

Kuhusu goti ulilopiga kanisani kwao, goti ni lako.

Sasa la mwisho, na hili ndilo nililokuficha kweli. Meza haijapinda. Ni macho. Jicho la kushoto limekwenda tangu mwaka jana, la kulia daktari anasema lina majira mawili, akiwa mkarimu. Ndiyo maana nilikukazania Mikaeli. Sikutaka uje kwa huruma, nilitaka uje kwa ahadi, hata ya msichana aliyekwisha kuolewa.

Jana nimemwita seremala apanue kitanda. Akaniuliza, "Kwa watu wangapi, mama?" Nikamwambia wawili, na kando atengeneze kitanda kidogo chenye kingo. Njia za milimani zikifunguka Mei, njooni. Jogoo mwaache.

Picha nimeiweka karibu na dirisha, kwenye mwanga wetu huu unaoudharau. Kila asubuhi nakaa mbele yake na kioo. Shingo nimeshaijua. Shali naijua. Mwambie mwanamke huyo mimi sina muda wa kutazamana na mgongo wake. Mwambie ageuke.

Shangazi yako,
Adelgunde